Utangulizi wa Elimu ya Milima kwa Msomaji wa Busia na Tororo

Mtu wa Sikuda ana haki ya kuuliza: habari za milima zinanihusu nini? Gombolola yake iko wilayani Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya. Ni nchi ya mihogo na mtama, yenye mabonde ya mafunjo na barabara ya malori. Mlima anaoujua kwa karibu ni Mwamba wa Tororo, na huo nao ni kisiki cha volkano ya kale kilichobaki baada ya mvua na upepo kula kila kilichouzunguka. Lakini akipanda juu ya mwamba huo siku ya anga safi, ataona kaskazini-mashariki ukuta mrefu wa buluu. Huo ni Mlima Elgon. Wataalamu ambao kitabu hiki kinawazungumzia wamefanya kazi zao kwenye miteremko yake, na matokeo ya kazi zao, mema na mabaya, hushuka hadi kwake.

Hushuka kwa njia ya maji. Mto Lwakhakha, ambao juu huko ndio mpaka wa nchi mbili, huungana na Malaba. Malaba hupita karibu na Tororo, huingia Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Manafwa nao huelekea hukohuko baada ya kunywesha mashamba ya mpunga ya Doho kule Butaleja. Vijito vingi vya upande wa Kenya huingia Nzoia na kufika Ziwa Victoria. Suam huanzia ndani kabisa ya kaldera, hupenya ukingo wa mashariki, hubadilika jina kuwa Turkwel na kumalizikia Ziwa Turkana, katika nchi ya ukame. Kwa hiyo tope linaloziba mifereji ya Doho limetoka kwenye shamba la mtu fulani kule juu, na mtu huyo alikuwa na sababu za kulima pale alipolima. Kazi ya elimu hii ni kuzijua sababu hizo. Serikali za Kenya na Uganda zilipokubali kuliangalia bonde la Sio, Malaba na Malakisi kwa pamoja, chini ya Mpango wa Bonde la Mto Nile, zilikuwa zinakiri jambo ambalo wakazi wa mpakani wanalijua tangu zamani: mto hauonyeshi pasipoti.

Elimu ya milima kama fani inayosimama peke yake ni changa. Kwa muda mrefu mlima ulikuwa mali ya wanabotania na wanajiolojia. Mswidi Olov Hedberg alifika Afrika Mashariki mwaka 1948, akapanda milima mirefu ya kanda hii mmoja baada ya mwingine. Maandishi yake ya mwaka 1951 na 1957 kuhusu kanda za uoto na mimea ya vileleni bado ndiyo msingi wa kila mwanafunzi wa mimea ya Elgon. Kazi yake ni nzuri sana na ninaipendekeza kwa yeyote. Ila ukiisoma utakutana mara nyingi zaidi na senesio na lobelia kubwa kuliko utakavyokutana na binadamu. Watu waliingia katika fani kwa upande mwingine, kupitia wanaanthropolojia: Jean La Fontaine aliandika juu ya Wagisu, kabila la mlimani, mwaka 1959, na Walter Goldschmidt alitumia miaka mingi kuchunguza maisha ya majirani zao Wasebei. Makundi hayo mawili ya wasomi hayakuwa yakisomana. Mwanabotania hakuuliza msitu ni wa nani, na mwanaanthropolojia hakupima kina cha udongo.

Kilichowakutanisha ni shida. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 usimamizi wa misitu ya Uganda ulilegea pamoja na dola yenyewe, na mashamba yakapanda mlima kwa kasi. Mwaka 1988 mradi wa uhifadhi na maendeleo wa Mlima Elgon ulianza, ukiungwa mkono na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Jina lake lilibeba maneno mawili ambayo hadi wakati huo yalikuwa ya ofisi tofauti. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano wa Rio wa 1992, mataifa yalitenga sura nzima, ya 13, katika mpango wao wa karne ya 21 kwa ajili ya milima. Mwaka 2002 ukafanywa Mwaka wa Kimataifa wa Milima, na tangu 2003 tarehe 11 Desemba ni siku ya milima ulimwenguni. Elgon wenyewe ulitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya bayosfia, upande wa Kenya mwaka 2003 na upande wa Uganda mwaka 2005.

Nieleze kidogo mlima huu ulivyo, kwa maana hoja zote zinazofuata zinasimama juu ya umbo lake. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, ya kale kuliko Kilimanjaro. Kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, lakini kinachoshangaza zaidi ni upana: kitako chake kina kipenyo cha kilomita zipatazo 80. Kwa kuwa ni mpana hivyo, mteremko wake huanza polepole, na watu wengi mno wanaweza kuishi juu yake. Chini kuna migomba na kahawa, ile arabika ya Bugisu ambayo chama cha ushirika cha Bugisu kimekuwa kikiishughulikia tangu 1954. Juu yake unafuata msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha nyika ya baridi. Udongo wake mwekundu, uliotokana na majivu na mawe ya volkano, una rutuba ambayo mkulima wa Tororo angeitamani. Mvua nayo haikosekani. Kila kitu kinachomvuta mkulima kiko pale, hata kwenye mteremko ambao hapaswi kuugusa.

Sasa nifike kwenye jambo linalobeba kitabu hiki. Baada ya kusoma historia ya miradi ya Elgon, nimeshawishika kwamba mlimani makubaliano juu ya ardhi hutangulia kila kitu: hutangulia mche, matuta, mizinga ya nyuki, na hata sayansi yenyewe. Palipo na makubaliano, utaalamu mdogo umezaa matunda mengi. Yalipokosekana, utaalamu mkubwa umekatwa hadi kwenye visiki, na ninaposema umekatwa namaanisha hivyohivyo.

Tuwaangalie Wabenet. Ni wafugaji na warina asali waliokuwa wakiishi kwenye nyika za juu na ndani ya msitu muda mrefu kabla ya msitu huo kuwekewa alama za serikali. Mwaka 1983 serikali iliamua kuwashusha na kuwapa ardhi pembezoni mwa msitu, upande wa Kapchorwa. Hekta 6,000 zilitengwa. Mstari ulichorwa, watu wakashuka, na si wote waliopata viwanja. Wengine waliokuja kugawiwa hawakuwa Wabenet kabisa. Miaka kumi baadaye, 1993, upande wa Uganda wa mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa, mstari ulipimwa upya. Ikaonekana ardhi iliyokuwa ikikaliwa ilifika hekta 7,500. Mstari mpya ukawekwa chini zaidi, na kaya zilizolala usiku zikiwa na haki ya kukaa ziliamka zikiwa wavamizi wa hifadhi. Hawakuhama hata hatua moja. Kilichohama ni mstari.

Simulizi hii ningependa kila mwanafunzi wa upimaji ardhi aisome kabla hajabeba vifaa vyake. Hekta 1,500 kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Kwenye mteremko wa Kapchorwa ni shule, makaburi na mashamba ya viazi ya watu waliokwisha kuhamishwa mara moja. Wabenet walikwenda mahakamani, na mwezi Oktoba 2005 Mahakama Kuu mjini Mbale ilitoa hukumu ya maridhiano iliyowatambua kuwa wakazi wa asili wa sehemu hizo, wenye haki ya kukaa na kulima. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, na watu wengi bado wanaishi bila uhakika wa kesho yao.

Juu ya mpaka huohuo wenye ugomvi, mwaka 1994, taasisi ya Uholanzi iitwayo FACE ilikubaliana na mamlaka za hifadhi za Uganda kupanda upya msitu kwenye hekta 25,000 za ardhi iliyokuwa imefyekwa. Nia ilikuwa miti ifyonze hewa ya ukaa. Kitaalamu mpango ulikuwa na mantiki: miche ya kienyeji, vitalu, wafanyakazi wa vijijini waliolipwa ujira. Maelfu ya hekta yalipandwa kweli. Lakini miti hiyo ilisimama mahali ambapo majirani walisema ni pao, na kila mti uliokua uliwathibitishia kwamba hawatarudi. Katikati ya miaka ya 2000, sehemu kubwa za miti hiyo zilikatwa, na kwenye visiki vyake yakapandwa mahindi. Kuna wanaoliona tukio hilo kama ujinga wa wanakijiji. Mimi naliona kama hesabu iliyopigwa vizuri na watu ambao hawakuulizwa mapema.

Linganisha na yaliyotokea Mutushet na Ulukusi. Hii ni miluka miwili, yaani sehemu za gombolola, mmoja wa Kapchorwa na mwingine wa eneo ambalo leo ni Bududa. Katikati ya miaka ya 1990 miluka hiyo iliteuliwa kujaribu kitu kipya nchini: hifadhi na wanakijiji kukaa chini na kuandikiana mkataba. Penny Scott, aliyefanya kazi na mradi wa IUCN, alieleza mchakato huo katika kitabu chake cha mwaka 1998. Mazungumzo yalikuwa marefu na ya kuchosha, kama yanavyokuwa mazungumzo yoyote ya kweli. Watu walitaja wanachokihitaji msituni kimoja kimoja: kuni zilizokauka, dawa za mitishamba, kamba, asali. Na wakataja malewa.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu malewa yanafundisha kuliko nadharia. Ni machipukizi ya mianzi. Mvua ikianza, mianzi huchipua, na watu hupanda hadi ukanda wake kuyakata yakiwa machanga. Hukaushwa kwa moshi wa moto hapohapo juu, hadi yawe ya kahawia iliyokoza na magumu kama kamba ya ngozi. Yakishafungwa mafungu hushushwa hadi Mbale na kuuzwa. Mpishi huyachemsha muda mrefu, huyakata vipande vidogo na kuyapika kwa rojo la karanga. Kwa Mgisu, sherehe bila malewa ni pungufu. Ukipiga marufuku kuingia msituni, basi umemnyang'anya mwanamke wa Bududa kipato chake na umegusa meza ya sherehe ya kabila zima. Lakini ukikubaliana ni nani ataingia, siku gani, atakata kiasi gani na nani atamwandika daftarini, umepata mlinzi wa mianzi asiyehitaji mshahara, maana mwakani atataka kukuta mianzi ipo. Mkataba wa Mutushet uliruhusu matumizi kama hayo na kukataza kupasua mbao na kuchoma mkaa, na wanakijiji wenyewe wakawa wanawakamata wanaouvunja.

Utafiti wa baadaye uliunga mkono mwelekeo huo. Marieke Sassen na wenzake walipitia picha za satelaiti za kuanzia 1973 hadi 2009, wakakuta zaidi ya robo ya msitu ilipotea katika kipindi hicho, ingawa si kwa kasi moja wala kila mahali. Kuna sehemu ambako msitu ulirudi. Idadi ya watu peke yake haikueleza tofauti hizo. Siasa za wakati wa uchaguzi, bei za mazao na uhusiano wa kijiji na hifadhi vilieleza zaidi. Palipokuwa na maelewano, msitu uliweza kushikilia hata mahali penye watu wengi sana. Naomba matokeo haya yakumbukwe kila mtu anaposema kwamba tatizo la Elgon ni wingi wa watu tu.

Upande wa Kenya nitaupitia kwa haraka, si kwa kuwa ni mdogo bali kwa kuwa sura ya nne imeubeba wote. Mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwapa ardhi watu walioshushwa kutoka Chepkitale, uligawanywa na kufutwa na kugawanywa tena hadi ukazaa uhasama. Kufikia 2006 uhasama huo ulikuwa umegeuka kundi lenye silaha, na Machi 2008 jeshi likapelekwa. Watu wengi waliumia mikononi mwa pande zote mbili. Na kule juu, Chepkitale, ambako serikali ilitangaza hifadhi mwaka 2000, watu wa jamii ya Waogiek waliobaki huko waliandika sheria ndogo zao wenyewe za kulinda msitu, wakaweka walinzi wao, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ikatoa hukumu upande wao.

Lipo jambo moja ambalo makubaliano peke yake hayaliwezi, nalo ni maporomoko ya ardhi. Hapa mtaalamu wa udongo anahitajika kwa dharura. Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya siku kadhaa, mteremko wa Nametsi wilayani Bududa uliporomoka. Ulifukia nyumba, soko na kituo cha afya, ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua. Zaidi ya watu 300 walihesabiwa kuwa wamekufa au kupotea. Bukalasi ilifuata Oktoba 2018, na mwezi Novemba 2024 vijiji vya Bulambuli vikafukiwa.

Mteremko hauanguki ghafla kama inavyosemwa kwenye redio. Watafiti wa Ubelgiji na wa Makerere waliochunguza maporomoko ya Manjiya, hukohuko Bududa, yakiwemo yale ya 1997, walieleza jinsi unavyojiandaa. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji na kuvimba, hukauka na kupasuka. Mvua kubwa ya pili huingia kwenye nyufa hizo moja kwa moja hadi kwenye tabaka lililooza chini na kukaa hapo bila njia ya kutoka. Mahali palipobonyea, ambapo maji ya mteremko hukusanyika, ndipo hatari huzidi. Na pale chini, mtu aliyekata mlima ili apate kiwanja cha kujenga amekwisha kuondoa mguu uliokuwa ukiushikilia. Mizizi mirefu ya miti husaidia. Migomba, kwa uzito wake na mizizi yake mifupi, haisaidii kitu. Maarifa haya yanaweza kufundishwa kwa asubuhi moja chini ya mti, kwa lugha yoyote, na mkulima akatoka akijua ni nyufa zipi za kumkimbiza usiku huohuo.

Lakini akimbilie wapi? Baada ya 2010 familia nyingi zilipelekwa Kiryandongo, magharibi ya mbali. Baadhi zilirudi. Waliorudi walitaja makaburi ya wazazi, kahawa iliyobaki, na lugha. Baadaye, tangu 2019, nyumba zilijengwa Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli, karibu zaidi na nyumbani, na mpango huo ulipokelewa vizuri zaidi kidogo. Mtaalamu wa udongo alikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba mteremko hauna usalama. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza watu wanahama na nini, na wanakwenda kuwa nani huko waendako. Ndiyo maana fani hii inawataka wote wawili kwenye gari moja.

Kwa hiyo karibu. Ukiwa umesomea uhandisi pale Busitema, milima ina mifereji ya kuchora na madaraja ya kusimamisha. Ukiwa mwanasheria, jalada la Wabenet bado liko wazi. Ukiwa muuguzi, mwalimu, mhasibu wa ushirika wa kahawa, mkalimani wa Lumasaba au Kisabiny, wewe ni mtaalamu tunayemhitaji kuliko mgeni anayekuja wiki mbili na kompyuta. Na wewe wa Sikuda, uliyekulia kando ya msitu wa West Bugwe na unajua kwa macho yako msitu unavyopungua mkaa unapopanda bei, umekwisha kuanza somo hili hukohuko tambarare. Usidhani umechelewa au uko mbali.

Ushauri wangu wa kuanzia ni huu. Kabla hujapima kitu chochote, fika kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, upande wa Uganda au kwa chifu upande wa Kenya, jitambulishe kwa adabu, na uombe kutembezwa kwenye mpaka wa hifadhi na mzee aliyekuwepo ulipowekwa. Tembea naye hadi mwisho. Andika anachosema pamoja na kile ramani inachosema, na usizilazimishe simulizi hizo mbili kupatana kabla ya wakati. Kisha kaa na wanawake wanaokusanya kuni, kwa sababu wao ndio wanaoingia msituni mara nyingi zaidi, na ndio wanaoulizwa mara chache zaidi.

Na ukimaliza utafiti wako, usiondoke nao. Ripoti nyingi za Elgon ziko Ulaya na Kampala kwa Kiingereza, wakati kijiji kilichotoa majibu hakijaona hata ukurasa mmoja. Uganda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na kule Kenya hakina mjadala. Andika kurasa kumi kwa Kiswahili chepesi, chora ramani yako kwa herufi kubwa, na upeleke nakala kwenye ofisi ya gombolola, kwa chifu, na kwenye shule ya msingi iliyo karibu.